Viendeshi vya Mtandao wa Wingu: Kipi Kiwemo Katika Kiini, Kipi Kiachwe?

Kila kompyuta, iwe ile kubwa ya benki au ile ndogo ya mfukoni iitwayo simu, huongozwa na programu moja iliyo msingi wa nyingine zote. Programu hiyo huitwa kiini cha mfumo endeshi. Kiini ndicho kinachogawa kumbukumbu, ndicho kinachoamua ni kazi ipi ifanywe sasa na ipi ingoje, na ndicho kinachozungumza na vifaa vyote: diski, kibodi, kioo na kadi ya mtandao. Programu nyingine huomba tu. Kiini ndicho hutoa au hukataa.

Hata hivyo, kiini chenyewe hakijui lugha ya kila kifaa. Kadi ya mtandao iliyotengenezwa na kampuni moja hupokea amri kwa namna isiyolingana na kadi ya kampuni nyingine, ijapokuwa zote mbili hufanya kazi ile ile ya kupeleka na kupokea habari. Kwa sababu hiyo kila kifaa huhitaji mkalimani wake. Mkalimani huyo ni kipande cha programu kiitwacho kiendeshi. Kiendeshi kikikosekana, kifaa hubaki kimya ingawa ni kizima, kama mgeni msomi aliyeketi barazani pasipo mtu wa kuifahamu lugha yake.

Aina za kadi za mtandao zilizopata kutengenezwa duniani ni nyingi mno. Watengenezaji wa mifumo endeshi hawana budi kuchagua: ni viendeshi vipi viwemo ndani ya kiini cha kawaida, yaani kile anachopewa kila mtu bila kuomba, na ni vipi viachwe nje hadi vitakapohitajiwa? Swali hili ni la zamani. Lakini kuenea kwa kompyuta za wingu, tangu Amazon ilipoanza kukodisha kompyuta zake kwa umma mwaka 2006, kumelifanya kuwa zito zaidi. Katika wingu, mashine iliyokosa kiendeshi kimoja tu cha mtandao ni mashine isiyofikika.

WINGU LILILO ARDHINI

Licha ya jina lake, wingu halipo angani. Ni majumba makubwa yaliyojaa kompyuta, yenye umeme mwingi, mitambo ya kupoza hewa na nyaya nene za mawasiliano. Katika Afrika, Microsoft ilifungua vituo vyake vya Johannesburg na Cape Town mwezi Machi 2019; Amazon ikafungua vyake Cape Town mwezi Aprili 2020, na Google ikafuata Johannesburg mwaka 2024. Mfanyabiashara wa Nairobi au Dar es Salaam aweza kukodisha kompyuta katika vituo hivyo bila kutoka ofisini mwake.

Kinachokodishwa, aghalabu, si kompyuta nzima bali ni mashine pepe. Programu iitwayo msimamizi huigawa kompyuta moja kubwa katika sehemu nyingi, na kila sehemu hupewa kiini chake na mfumo endeshi wake. Kila kiini hujiona kimo peke yake. Huiona kumbukumbu, diski na kadi ya mtandao, na hudhani vyote ni mali yake. Kumbe kadi hiyo ya mtandao huenda isiwepo kabisa.

NJIA TATU ZA KUUNDA KADI YA PEPE

Njia ya kwanza ni ya kuigiza. Msimamizi hujifanya kuwa kadi ya kale inayojulikana na watu wote, kwa mfano kadi ya Intel 82540EM ya mwanzoni mwa miaka ya 2000. Faida yake ni kwamba kiendeshi cha kadi hiyo kimo karibu katika kila mfumo endeshi, hivyo mashine pepe huamka na kuupata mtandao mara moja. Hasara yake ni mwendo wa kinyonga.

Hesabu kidogo yatosha kuionyesha hasara hiyo. Kifurushi kikubwa cha kawaida katika mtandao wa Ethernet hubeba baiti 1,500. Zikiongezwa anwani, alama za mwanzo na nafasi baina ya kifurushi na kifurushi, hufikia baiti 1,538, sawa na biti 12,304. Waya unaopitisha biti bilioni 10 kwa sekunde utapitisha basi vifurushi karibu 813,000 kila sekunde, na kila kimoja kitakuwa na maikrosekunde 1.23 tu. Prosesa yenye mapigo bilioni 3 kwa sekunde itakuwa na mapigo kama 3,700 ya kukishughulikia kifurushi kimoja. Sasa, kila mara mashine pepe inapoigusa kadi ya kuigizwa, kazi yake husimamishwa, msimamizi hushika usukani, huitazama amri, huitimiza, kisha huirudisha mashine kazini. Safari moja ya namna hiyo hula mapigo elfu moja au zaidi, na kifurushi kimoja chaweza kudai safari kadhaa. Muda hauwezi kutosha.

Njia ya pili ni ya kusema kweli. Badala ya kudanganywa kwamba ina kadi halisi, mashine pepe huambiwa wazi kuwa inaishi chini ya msimamizi, nayo hupewa kiendeshi kilichotungwa kwa ajili ya hali hiyo. Mashine na msimamizi hushirikiana eneo moja la kumbukumbu lililopangwa kama duara. Mashine huweka humo vifurushi vingi, kisha humbisha hodi msimamizi mara moja tu kwa vyote. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge waliieleza njia ya namna hii mwaka 2003 katika mradi wao ulioitwa Xen, na ndio uliotumiwa na Amazon ilipoanza. Mwaka 2007 Rusty Russell alibuni viendeshi vya virtio kwa ajili ya kiini cha Linux, navyo vikaja kuwa kanuni ya kimataifa mwaka 2016.

Njia ya tatu ni ya kadi halisi inayojua kujigawa. Kadi moja ya chuma na silikoni hujionyesha kama kadi nyingi, na kila mashine pepe hupewa kipande chake na kuongea nacho moja kwa moja, msimamizi akiwa kando. Mwaka 2016 Amazon ilianzisha kadi yake yenyewe ya namna hii iitwayo ENA, na mwaka 2018 baadhi ya mashine zake zilikwisha kufikia gigabiti 100 kwa sekunde. Mwendo huo ni mara kumi ya ule uliohesabiwa hapo juu. Lakini kadi hiyo ni ya Amazon peke yake, na hakuna kiendeshi cha zamani kinachoifahamu.

UFUNGUO ULIOFUNGIWA NDANI YA NYUMBA

Hapa ndipo tatizo linapojitokeza. Mwalimu anayeweka mfumo endeshi mpya katika kompyuta kuukuu ya maabara ya shule huenda akakuta kadi ya mawasiliano yasiyo ya waya haifanyi kazi. Kompyuta humwambia kuwa kiendeshi kinapatikana katika intaneti. Nayo intaneti haipatikani bila kiendeshi. Mwalimu hahangaiki sana. Huchukua kijiti cha kumbukumbu, hunakili kiendeshi kutoka kompyuta nyingine, na shida huisha.

Mashine pepe haina mahali pa kuchomeka kijiti. Haina kibodi wala kioo. Mwenye kuikodi yuko mbali nayo kilomita maelfu, na mtandao ndio mlango wake wa pekee wa kawaida. Kiini kikiamka bila kuijua kadi ya mtandao, mashine huendelea kufanya kazi ndani ya jumba lake, kodi huendelea kudaiwa, lakini hakuna awezaye kuifikia. Ufunguo umefungiwa ndani ya nyumba.

Jambo hili lilidhihirika mwezi Novemba 2017, Amazon ilipotoa mashine za kundi liitwalo C5. Mashine hizo ziliiacha njia ya Xen, zikataka kiendeshi cha ENA kwa mtandao na kiendeshi kingine kiitwacho NVMe kwa diski. Kiendeshi cha ENA kilikuwa kimeingizwa katika kiini cha Linux tangu toleo la 4.9 la Desemba 2016. Lakini viini vingi vilivyokuwa vikitumika vilikuwa vya zamani kuliko hapo. Wateja waliotaka kuhamia mashine mpya walipaswa kukiongeza kiendeshi wakiwa bado katika mashine ya zamani, kabla ya kuhama. Aliyesahau hakuweza kuingia tena. Dawa yake ilikuwa kuizima mashine, kuichomoa diski yake ya pepe, kuipachika katika mashine nyingine iliyo nzima, kuirekebisha humo, kisha kuirudisha.

Mwaka 2021 Amazon ilianza kuwapa wateja wa baadhi ya mashine zake njia ya maandishi matupu isiyopita katika kadi ya mtandao. Njia hiyo husaidia kuona kosa lilipo, ila mwenye mashine sharti awe ameandaa nywila mapema, na kusafirisha faili kwayo ni kazi ya shida. Mlango mkuu umebaki kuwa mtandao.

KISA CHA FREEBSD

Kuna sababu nyingine, isiyoonekana upesi, inayofanya uchaguzi wa viendeshi vya kiini cha kawaida kuwa jambo la maana. Mfano mzuri ni historia ya FreeBSD, mfumo endeshi unaotolewa bure na kutunzwa na jamii ya wataalamu wa nchi nyingi.

Kiini cha kawaida cha FreeBSD huitwa GENERIC, yaani cha jumla. Mtumiaji yeyote ana ruhusa ya kujitengenezea kiini chake, akiongeza au kupunguza viendeshi apendavyo. Kwa miaka kadhaa baada ya 2006, FreeBSD haikuweza kuamka kabisa katika wingu la Amazon. Colin Percival, mwanasayansi wa kompyuta aliyewahi kuwa ofisa wa usalama wa mradi huo, alilishughulikia tatizo hilo kwa muda mrefu, na mwezi Desemba 2010 alitangaza kuwa mfumo huo sasa unaweza kuendeshwa huko katika mashine ndogo. Ulikuwa ushindi, lakini ushindi nusu. Viendeshi vya Xen havikuwa ndani ya GENERIC. Waliotaka kuvitumia walihitaji kiini cha pekee.

Je, kiini cha pekee kina ubaya gani iwapo kinafanya kazi? Jawabu limo katika namna marekebisho ya usalama yanavyowafikia watu. FreeBSD ina programu iitwayo freebsd-update, iliyoandikwa na Percival mwenyewe, ambayo huleta marekebisho yakiwa tayari. Kosa la hatari likigunduliwa leo, mtumiaji wa GENERIC hutoa amri moja, huizima na kuiwasha mashine, basi. Lakini marekebisho hayo ya kiini hutengenezwa kwa GENERIC tu. Mwenye kiini cha pekee hana budi kuchukua maandishi ya programu, kuyatengeneza upya mwenyewe, na kuyajaribu. Wajuzi hufanya hivyo. Walio wengi huahirisha, na katika kuahirisha huko mashine zao hubaki na ufa ambao dunia nzima imekwisha kuambiwa ulipo.

Toleo la FreeBSD 10.0, lililotoka Januari 2014, ndilo lililoleta badiliko. Viendeshi vya Xen na vya virtio, pamoja na vile vya Hyper-V vya wingu la Microsoft, viliingizwa katika GENERIC kwa kompyuta za biti 64. Tangu siku hiyo mashine ya wingu na mashine ya mezani ziliweza kutumia kiini kimoja na kupokea dawa moja kwa wakati mmoja. Faida kubwa zaidi, basi, haikuwa kupungua kwa usumbufu. Ilikuwa kwamba mtumiaji wa wingu aliacha kuwa mtu wa pembeni katika ulinzi wa mfumo.

GHARAMA YA KUBEBA KILA KITU

Baada ya kusoma hayo, mwanafunzi aweza kuuliza: mbona viendeshi vyote visiwekwe ndani, pakaisha ubishi? Zipo sababu tatu.

Ya kwanza ni ukubwa. Toleo la 1.0 la kiini cha Linux, la mwaka 1994, lilikuwa na mistari ya maandishi ipatayo 176,000. Leo kiini hicho kimepita mistari milioni 30, na sehemu kubwa kupita zote ni viendeshi. Kama vyote vingepakiwa katika kumbukumbu kila mara, mashine ndogo ya kukodi ingetumia sehemu ya kodi yake kubeba wakalimani wa vifaa isivyopata kuviona.

Ya pili ni hatari. Programu ya kawaida ikikosea, huanguka peke yake. Kiendeshi kilicho ndani ya kiini kikikosea, huanguka na kompyuta nzima. Tarehe 19 Julai 2024 faili moja lenye kasoro, lililopelekwa na kampuni ya CrowdStrike kwa programu yake ya ulinzi inayofanya kazi ndani ya kiini cha Windows, liliangusha kompyuta ambazo Microsoft ilikadiria kuwa milioni 8.5. Tena, kipande kisichotumika hakikosi kuwa na madhara. Mwaka 2015 iligunduliwa kasoro iliyopewa jina la Venom katika programu ya QEMU inayoigiza vifaa vya mashine pepe. Kasoro hiyo ilikuwa katika uigizaji wa diski laini, kifaa ambacho karibu hakuna aliyekuwa akikihitaji, nayo ilikuwamo humo tangu 2004. Mlango usiotumika nao huhitaji kufungwa.

Ya tatu, na pengine iliyo nzito kuliko zote, ni utunzaji. Kiini hubadilika kila mara, na kiendeshi kilicho ndani yake sharti kibadilike pamoja nacho. Mwezi Julai 2009 Microsoft iliwapa watunzaji wa Linux mistari ipatayo 20,000 ya viendeshi vya Hyper-V. Viliwekwa kwanza katika sehemu ya kiini iliyotengwa kwa kazi zisizokomaa. Miezi michache baadaye mtunzaji wa sehemu hiyo, Greg Kroah-Hartman, alionya hadharani kwamba waliovileta hawaonekani kuvishughulikia, na kwamba wasiporejea vitaondolewa. Walirejea. Katika toleo la 3.0 la mwaka 2011, mchangiaji aliyeleta mabadiliko mengi kuliko wote alikuwa mhandisi wa Microsoft, K. Y. Srinivasan, kwa zaidi ya mabadiliko 300, mengi yakiwa ya kuvisafisha viendeshi hivyo. Kufikia mwaka 2012 kiendeshi cha mtandao kilikuwa kimehitimu na kuhamia mahali pake pa kudumu.

Funzo la kisa hicho ni kwamba kukubaliwa ndani ya kiini si zawadi itolewayo mara moja. Ni ahadi ya kazi. Ahadi isipotimizwa, au kifaa chenyewe kikitoweka duniani, kiendeshi huondolewa. FreeBSD 13.0, iliyotoka mwaka 2021, ilikwisha kuondoa viendeshi zaidi ya kumi vya kadi za kale za Ethernet.

NJIA YA KATI

Baina ya kubeba kila kitu na kuacha kila kitu, wahandisi wamepata njia ya kati iitwayo moduli. Moduli ni kiendeshi kinachokaa katika diski kama faili, nacho huunganishwa na kiini pale tu kifaa chake kinapoonekana. Hivyo maelfu ya viendeshi huweza kuwapo bila kujaza kumbukumbu. Picha ya FreeBSD iliyotayarishwa kwa wingu la Amazon imepata kuitumia njia hii kwa ENA: programu ndogo ya kuamshia iliagizwa kuipakia moduli hiyo kabla kiini hakijaanza kazi.

Lakini moduli haiondoi uchaguzi, huusogeza tu. Moduli iliyomo katika diski haisomeki kabla diski yenyewe haijasomeka, na diski haisomeki bila kiendeshi chake. Kwa hiyo mifumo ya Linux huambatisha kiini na kifurushi kidogo cha viendeshi vya lazima, kinachopakiwa pamoja nacho wakati wa kuamka. Swali lile lile hurudi kwa sura nyingine: ni vipi viwemo katika kifurushi hicho?

Wengine wamechagua kutoa viini viwili. Debian 10, iliyotoka mwaka 2019, ilikuwa na kiini cha kawaida, na kando yake kiini kilichopunguzwa kwa ajili ya mawingu makubwa, ambacho kimeacha viendeshi vya vifaa visivyopatikana huko. Tofauti yake na kiini cha kujitengenezea ni ya msingi: viini vyote viwili hutunzwa na mradi wenyewe na hupokea marekebisho ya usalama yakiwa tayari.

Kutokana na hayo yote kanuni moja yaweza kutolewa. Kiendeshi kinachofungua mlango, ambacho kikikosekana hakuna njia ya kukileta, kinastahili kuwamo katika kile anachopewa kila mtu, mradi yupo wa kukitunza. Kiendeshi kinachoweza kuletwa baadaye kupitia mlango uliokwisha kufunguliwa chaweza kungoja nje.

KAZI YA MAABARA

Shule yenye kompyuta inayotumia Linux yaweza kulichunguza jambo hili bila gharama. Amri uname -r huonyesha toleo la kiini. Amri lsmod huorodhesha moduli zilizounganishwa na kiini kwa wakati huo, pamoja na ukubwa wa kila moja kwa baiti. Wanafunzi watafute katika orodha hiyo kiendeshi cha kadi ya mtandao, na wajumlishe ukubwa wa moduli zote. Kisha kila kundi lijibu: kama kompyuta hii ingepelekwa mahali ambapo hakuna awezaye kuigusa kwa mkono, ni moduli zipi tatu zisingekosekana, na ni zipi zingeachwa bila hasara? Majibu ya makundi yatatofautiana, nayo tofauti hizo zijadiliwe kwa hoja. Maana ndivyo wanavyofanya watunzaji wa viini kila wanapoandaa toleo jipya.